Semina ya sindano Tassia: Njoo na rafiki, hela tutazihesabu baadaye

Adui wa kwanza wa kitambaa cha kroshia katika nyumba za Nairobi si mtumba wala plastiki kutoka Uchina. Ni runinga nyembamba. Runinga ya zamani, ile yenye mgongo, ilikuwa na mahali pa kutandika kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa ukaweka picha ya harusi au maua ya plastiki. Ya siku hizi imetundikwa ukutani na hata nzi hapati pa kutua. Redio ya kaseti nayo iliondoka na kitambaa chake. Kochi la ngozi ndilo halitaki kabisa: ukiketi tu, kitambaa kimeteleza hadi sakafuni.

Ndiyo maana karatasi iliyobandikwa kwenye lango la ploti yetu hapa Tassia ilinichekesha. Ilitangaza semina ya kroshia na kudarizi wakati wa likizo ya Agosti, siku kadhaa mfululizo, na kwa herufi kubwa ikaahidi "kujiajiri na kupata kipato ukiwa nyumbani". Rafiki yangu anayeishi ghorofa ya juu yangu hakucheka. Nilipompigia simu kumsimulia, alikuwa ameshatuandikisha sote wawili na kulipa ada. "Utanirudishia kwa M-Pesa," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Wageni wa mtaa huu huelekezwa washukie Taj Mall, ingawa jumba lenyewe lilibomolewa Septemba 2018 na hakuna mall ya kuonyesha. Ukiacha barabara ya Outer Ring ukaingia ndani, unakuta ghorofa zimesongamana kiasi kwamba jirani akikaanga vitunguu, wewe ndiye unayetokwa machozi. Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa ya hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, kabla ya kugawanywa viwanja na kuuzwa. Waliovipata walijenga kwenda juu, maana pembeni hapakuwa na nafasi. Katika nyumba ya sebule na chumba kimoja, watu watatu wakishika sindano kwa pamoja mmoja atatobolewa. Semina ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, orofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwangaza ulikuwa mzuri hadi saa tisa, kisha jengo la pili likalimeza jua na kila mtu akasogeza kiti dirishani.

Waliokuja walikuwa akina mama wengi, wasichana wachache waliomaliza kidato cha nne, shosho mmoja aliyeletwa na mjukuu wake, na kijana wa kiume mmoja tu. Huyo kijana alitazamwa sana siku ya kwanza. Angekuwa Lamu hakuna ambaye angegeuka, kwa sababu kule wanaume hushona kofia kwa mkono barazani, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja nzuri yaweza kumaliza miezi kabla haijafika kichwani pa mtu.

Mwalimu alikuwa mstaafu aliyefundisha sayansi kimu, na ilionekana wazi kwamba hakuwahi kuacha. Wengi wetu ukumbini ni watoto wa 8-4-4, mfumo ulioanza 1985 na kutupatia masomo ya ufundi tangu shule ya msingi. Alipouliza ni nani aliyewahi kushona shuleni, mikono yote ikapanda. Alipouliza ni nani aliyeshona kazi yake mwenyewe bila mama yake kukesha akimsaidia, mingi ikashuka.

Kitambaa cha duara ni hesabu kabla hakijawa pambo. Unaanza na cheni chache unazoziunganisha ziwe pete. Ndani ya pete unafuma nguzo 12, yaani ule mshono mrefu wa kutia uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuchoma. Mzunguko wa pili unakuwa na nguzo 24, wa tatu 36, wa nne 48. Kila mzunguko unaongeza 12, na kitambaa kinalala bapa mezani. Ukisahau kuongeza, kingo zinainuka na unajikuta umefuma bakuli. Ukizidisha, kingo zinapiga mawimbi na hakuna pasi itakayozituliza.

Shosho hakuhesabu kitu. Alikuwa anazungusha kazi yake polepole, anapapasa ukingo kwa kidole gumba, kisha anasema, "Hapa panataka moja," na kuiongeza. Mwalimu alikichukua kile kitambaa akahesabu mzunguko wa tano kwa ncha ya kalamu. Nguzo 60. Akamrudishia bila neno, akatuangalia sisi wenye daftari.

Jambo ambalo mimi na rafiki yangu hatukulitarajia lilijitokeza siku ya pili. Tulikuwa tumepanga kufuma seti ya vitambaa sita kwa ushirika, vitatu wewe, vitatu mimi, tuimalize haraka. Mfano ulikuwa mmoja, uzi wa katoni moja, sindano za milimita 1.5 zote mbili. Mwalimu alipovilaza viwili vya kwanza kimoja juu ya kingine, changu kilizama ndani ya chake na ukingo mpana ukabaki nje. Rafiki yangu hufuma kwa mkono mwepesi, huku anaongea. Mimi huvuta uzi kila baada ya kitanzi. Tofauti ndogo isiyoonekana kwenye kitanzi kimoja, ukiizidisha mara mamia, inakuwa upana wa kidole. Dawa yake si kumwambia mtu akaze mkono, maana mkono hukaza kwa dakika tano ukasahau. Unambadilishia sindano. Yeye alipewa ya milimita 1.25, mimi nikabaki na yangu, na kuanzia kitambaa cha tatu vikalingana. Hilo huwezi kulijua ukijifunza peke yako kwa video za simu. Unahitaji kazi ya mtu mwingine kando ya yako.

Video zenyewe zina mtego mwingine: Wamarekani na Waingereza hutumia majina yale yale kwa mishono tofauti, na aliyefundishwa kwa vitabu vya Uingereza akifuata video ya Marekani hupata kitambaa kilichofupika kuliko ilivyokusudiwa. Mwalimu alitutaka tutazame mkono wa anayefuma, tusisikilize anachokiita.

Kudarizi kulipata alasiri moja, na kusema kweli kulipitishwa mbiombio. Tulifundishwa kufungua uzi: kile kichala kidogo cha uzi wa pamba kina nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, unakata urefu wa kutoka kidoleni hadi kiwiko, unachomoa mbili, nne unaziweka. Kampuni ya Ufaransa ya DMC, iliyoanzishwa Mulhouse mwaka 1746, imezipa rangi zake namba, na mdarizi wa Tokyo au wa Mombasa ukimtajia 310 anajua unataka nyeusi. Ningependa siku nzima ya kazi hiyo. Hatukupewa.

Muda mwingi zaidi ulikwenda kwenye kumalizia, na hapo mwalimu alikuwa na haki. Kitambaa kilichotoka tu kwenye sindano kinasikitisha, kimekunjamana na kina alama za jasho la vidole. Unakifua kwa maji ya vuguvugu, unakitia kwenye uji mwepesi wa wanga, halafu unakitandaza juu ya katoni iliyofunikwa nailoni na kukibana kwa pini zisizoshika kutu, ukivuta kila ncha hadi maua yafunguke. Wako wanaotumia maji ya sukari badala ya wanga. Yanakikaza vizuri sana, na wiki inayofuata unagundua kwamba wadudu wa nyumba nzima wanayajua makao mapya.

Ikafika siku ya biashara, ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa langoni. Mwalimu hakuwa na maneno matamu. Alichukua chaki akaandika Sh16,113.75, kima cha chini cha mshahara wa mwezi kwa kibarua wa kawaida Nairobi kama kilivyotangazwa 2024, bila marupurupu ya nyumba. Tugawanye kwa siku 26, kisha kwa saa nane. Tukapata kama shilingi 77 kwa saa. Kisha akatuuliza kitambaa kimoja kinatuchukua saa ngapi. Wenye mikono ya kasi walisema tano. Vitambaa sita ni saa 30, yaani zaidi ya Sh2,300 za jasho peke yake, kabla hujataja uzi, wanga na nauli ya kwenda Biashara Street kuununua huo uzi. "Sasa niambieni," akasema, "mteja wako wa Tassia huanzia ngapi?" Mama mmoja nyuma akajibu kwamba yeye huambiwa mia tano, tena alete na chenji. Ukumbi ulicheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Jambo linaloumiza katika hesabu hiyo ni hili: kroshia haina mashine. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza na kasisi William Lee mwaka 1589, na baada ya muda soksi na sweta zikawa za kiwanda, kwa sababu vitanzi vyake hupangwa mstarini na kungoja zamu. Katika kroshia kila kitanzi humalizwa kabla ya kingine kuanza, na sindano huchoma popote inapotaka, mbele, nyuma au chini. Viwanda huiga sura yake tu. Kwa hiyo blauzi halisi ya kroshia inayoning'inia dukani, hata iwe ya bei gani, kuna mtu aliyeifuma kwa vidole vyake, na ikiwa ni rahisi mno ni yeye aliyelipwa vibaya.

Yule kijana wa kiume ndiye peke yake aliyesema hesabu yake inatoka. Hafumi vitambaa. Anafuma kofia na blauzi za wasichana wa chuo, kwa uzi mnene na sindano ya milimita 4, na kofia moja humaliza kwa siku. Uzi ukiwa mnene mishono ni michache, mishono ikiwa michache saa ni chache. Wateja huagiza kwa simu baada ya kuona picha. Akina mama wa vitambaa walimsikiliza kwa makini, wakaendelea na vitambaa vyao.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa semina hii. Ikiwa fedha haipo, na sote tumeiona ubaoni kwamba haipo, mbona kesho yake ukumbi ulijaa kuliko siku ya kwanza?

Mwanamke wa Kenya kufundishwa sindano na anayetaka kumsaidia si jambo geni. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na vilabu vyake vya mwanzo vilifundisha kushona, kupika na usafi chini ya usimamizi wa wanawake wa Kizungu. Wakoloni walitaka pia mwanamke aketi na uzi wake awe mbali na Mau Mau. Ireland nako, njaa kubwa ilipopiga kuanzia 1845, watawa waliwafundisha wasichana kroshia nyembamba iliyouzwa kwa matajiri wa Ulaya, na kuna familia zilizookoka kwa hiyo. Kila mara sindano hutolewa kwa sababu ya mtoaji. Wanaoipokea hubaki na yao. Vilabu vya kushona vilizaa urafiki, na wanawake wanaokutana kila wiki hawakawii kuanza kuchangishana.

Marekani kuna chama cha wadarizi, Embroiderers' Guild of America, kilichoanzishwa 1958, ambacho huandaa semina ya kitaifa ya siku kadhaa. Watu husafiri, hulala hotelini, huketi darasani na marafiki zao kushona. Hakuna anayewauliza watauza wapi. Hapa kwetu, mama akitaka kutoka nyumbani wiki nzima kwenda kuketi na mwenzake na kufuma, lazima aseme anakwenda kutafuta kipato, la sivyo ataulizwa chakula cha mchana kimepikwa na nani. Neno kujiajiri lile langoni lilikuwa ruhusa. Rafiki yangu aliniambia hivyo bila kuzunguka tulipokuwa tukishuka ngazi: tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe hajawahi kukaa mchana mzima mahali ambapo hakuna anayemwita.

Sioni aibu yoyote katika hilo. Aibu iko kwa anayemuuzia mtu mapumziko kwa jina la utajiri, kwa sababu wapo wachache waliokuja wakiamini tangazo, pengine kwa ada ya kukopa, na hesabu ya ubaoni iliwafikia mwishoni, uzi ukiwa umeshanunuliwa. Nawaomba waandaaji wa semina za namna hii, na mitaa ya Eastlands haizikosi, waiweke siku ya hesabu iwe ya kwanza. Wanaotaka biashara waelekezwe kwenye kofia na uzi mnene mapema. Wanaotaka kuketi waketi bila kudanganywa, na walipie kuketi kwao kama wanavyolipia saluni.

Nawe mnunuzi, ukitajiwa Sh3,000 kwa seti ya vitambaa sita, usishike kiuno. Toa bei ya uzi, gawanya kwa saa 30, uone kama wewe ungeifanya kazi hiyo. Na ukiamua kuhudhuria awamu nyingine, nenda na rafiki, beba sindano mbili za ukubwa tofauti, pini zisizoshika kutu na miwani kama umevuka 40. Uzi mweupe usinunue mwingi siku ya kwanza. Subiri uone mkono wako.