Hofu iliyofunzwa haifutiki kwa urahisi
WAHENGA walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mnamo 1920, wataalamu wa saikolojia John Watson na Rosalie Rayner wa Marekani walilithibitisha hilo kwa njia ambayo leo haingeruhusiwa. Kila mtoto wa miezi 11, waliyemwita Albert, alipomgusa panya mweupe, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma yake. Punde akawa analia amwonapo panya huyo, hata sungura. Aliondoka kabla ya hofu hiyo kutibiwa.

Mwaka wa 1924, Mary Cover Jones alimsogezea sungura kidogo kidogo mtoto mwingine, Peter, aliyemwogopa mnyama huyo, huku akila chakula akipendacho. Hatimaye Peter alimpapasa.

Tiba ya maradhi ya wasiwasi ingali inafuata mkondo huo. Aliyenusurika ajalini akiepuka matatu hupata nafuu ya muda, lakini ubongo wake haupati fursa ya kujifunza kwamba safari nyingi huisha salama. Hivyo huanza kwa kusimama stejini, kisha huketi garini, kisha husafiri kituo kimoja.

Hata hivyo, somo jipya haliling'oi lile la kale. Mawili hayo hushindania nafasi akilini. Utulivu uliopatikana katika chumba cha daktari huenda usimfuate mgonjwa barabarani, ndiposa mazoezi hufanywa mahali tofauti na nyakati tofauti. Hofu ikichipuka tena miezi kadhaa baadaye, si lazima tiba iwe imeshindwa. Mgonjwa huyarudia mazoezi yale yale.