Kipenga Kabla ya Adhana

Wazazi wenzetu, mwana wetu alipochaguliwa katika timu ya mtaa, mazoezi yaligongana na saa za chuo. Jioni ya pili alirejea isha ikiadhiniwa, magharibi imempita. Hatukumkataza mpira. Tulimwendea kocha (tukichelea bure, kwani naye ni mzazi) tukapatana: wachezaji wasali laasiri kwanza, na kipenga cha mwisho kilie saa kumi na mbili kamili. Ustadhi naye akakubali kumsomesha asubuhi za Jumamosi na Jumapili.

Sasa dada yake anadai haki yake. Tangu 2014 sheria za kandanda zaruhusu hijabu, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko aliivaa uwanjani katika Kombe la Dunia. Kocha wa kike bado twamtafuta.