Mitishamba ya Ishiara na Usalama wa Figo

Kwa muda mrefu wakazi wa Ishiara, katika nyanda kavu za Mbeere, wametegemea mitishamba sambamba na hospitali. Si ajabu mgonjwa kudungwa sindano asubuhi, na jioni akanywa maji ya mizizi bila kumwarifu tabibu. Siku hizi husikika hoja mpya: ati wanasayansi wamegundua mimea inayokinga figo dhidi ya madhara ya dawa. Je, hoja hiyo ina mashiko?

Ina mashiko kiasi. Gentamisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1963 na ambayo ingali ikiokoa maisha ya wengi, hujilimbikiza katika chembechembe za mirija ya figo na yaweza kuzidhuru. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi: panya waliopewa mafuta ya habasoda pamoja na dawa hiyo walipungukiwa na madhara.

Hata hivyo, panya si binadamu. Tena panya hao walipewa kipimo maalumu cha mafuta ya mmea uliojulikana barabara. Sufuria ya nyumbani haina mizani.

Isitoshe, mmea waweza kuwa adui wa figo. Mjini Brussels, Ubelgiji, mapema katika miaka ya 1990, watu zaidi ya 100, wengi wao wanawake, waliharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Mmea uliokusudiwa ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye sumu, Aristolochia, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanakaribiana.

Hapa ndipo shule zinapohusika. Mwaka 1988, David Brokensha na Bernard Riley walichapisha kitabu kilichoorodhesha mimea ya Mbeere na matumizi yake. Kazi hiyo yafaa kuendelezwa. Mwalimu wa biolojia awatume wanafunzi kwa wazee. Kwa ridhaa yao, waandike jina la mmea, sehemu itumikayo na kipimo, kisha wahifadhi tawi lililokaushwa. Bila kumbukumbu kama hizo, maabara haina pa kuanzia.

Kwa sasa, mgonjwa na amweleze tabibu kila anachokunywa, naye tabibu asimkemee. Akikemewa leo, kesho ataficha. Wahenga walinena kwamba ganga ganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini. Matumaini ni mema, lakini figo zahitaji hakika.