Colorado Rockies: Baada ya vichapo 119, watapumua 2026?

Mashabiki wa besiboli mjini Denver, Marekani, wanausubiri msimu wa 2026 roho mkononi. Mwaka 2025 timu yao, Colorado Rockies, ilicheza mechi 162, ikashinda 43 tu. Ni msimu wa tatu mfululizo wanapoteza zaidi ya mechi 100.

Shida iko wapi? Anza na hewa. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, inakaribia Nairobi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira ukipigwa unaenda mbali zaidi. Mrushaji naye akitaka kuupinda ili amchanganye mpigaji, haupindi vya kutosha. Tangu 2002 mipira inahifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu ili isiruke sana. Imesaidia, lakini warushaji wazuri bado wanapakwepa.

Ila hewa isiwe kisingizio. Hewa ni ile ile ya 2007, walipofika fainali ya World Series.

Kocha Bud Black alitimuliwa Mei 2025, na Warren Schaeffer aliyeshika nafasi yake anaendelea. Mtu wa kumtazama ni Paul DePodesta, bosi mpya wa masuala ya wachezaji, anayesifika kwa kuchagua watu kwa takwimu. Kibarua chake cha kwanza ni kupata warushaji wanaoiweza hewa ya Denver.

Ubingwa? Sahau. Kundi lao lina Los Angeles Dodgers, mabingwa wa 2024 na 2025. Wakipoteza chini ya mechi 100, Denver watashangilia.