Shimo Lifukiwe Kabla Halijachimbwa

Anayetembea leo Haller Park, kaskazini mwa mji wa Mombasa, hupita chini ya mivinje mirefu, kando ya viboko na twiga, na ni shida kuamini kwamba hapo palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1954. Miti ilianza kupandwa machimboni mwaka 1971, chini ya mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller. Wachimbaji wengi huutaja mfano huu kuthibitisha kwamba ardhi iliyochimbwa huweza kurudi. Ni kweli, lakini tuangalie ilirudi kwa taabu gani.

Haller alikuta mwamba mtupu, bila hata kiganja cha udongo. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, tatu tu zilinusurika, na mvinje ndio uliostawi, kwa sababu vijidudu vinavyoishi mizizini mwake huupatia naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo majani yake membamba yalilundikana chini bila kuoza. Ikabidi waletwe majongoo wenye miguu myekundu. Wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, ilihitaji mtu mwenye subira ya pekee, na zaidi ya yote ilihitaji kiwanda ambacho bado kilikuwa hapohapo kikiuza saruji. Migodi mingi haina bahati hiyo: madini yakiisha, mapato nayo hukatika siku hiyo hiyo, na mwenye leseni ana kila sababu ya kufunga virago.

Ndiyo maana nashikilia kwamba urejeshaji wa ardhi ni sehemu ya uchimbaji wenyewe, na pa kuulinda ni mezani pa leseni, kabla tingatinga halijashushwa. Chukua udongo wa juu peke yake. Tabaka hilo jembamba ndilo lenye mbegu, mizizi na viumbe vidogo vinavyolisha mimea. Likichanganywa na kifusi asubuhi ya kwanza, limepotea. Mpango mzuri huamuru likwanguliwe peke yake, lirundikwe mahali ambapo magari hayapiti, kwa kimo kidogo ili lisikose hewa, lioteshwe majani ili mvua isilichukue, na pale inapowezekana lihamishiwe moja kwa moja kwenye sehemu iliyokwisha kufukiwa. Hivyo mgodi unapanuka upande mmoja huku upande mwingine ukifunikwa. Mpango huohuo lazima ueleze maji yatapita wapi, maana mwamba wenye salfa ukifunuliwa hutoa tindikali inayoweza kuendelea kutiririka mitoni miongo mingi baada ya mgodi kufungwa.

Marekani ilijifunza hayo kwa machungu ya migodi ya makaa ya mawe iliyotelekezwa. Sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter tarehe 3 Agosti 1977 inamtaka mwombaji aeleze ardhi ilitumikaje kabla, itatumikaje baadaye, na aweke dhamana inayotosha kuiwezesha serikali kumaliza kazi iwapo yeye atashindwa. Dhamana hairudishwi yote kwa mkupuo. Shimo likifukiwa na ardhi kusawazishwa, mchimbaji anaweza kurudishiwa hadi asilimia 60. Sehemu nyingine husubiri mimea ishike, na salio hubaki mpaka ipite miaka 5, au 10 katika maeneo makavu. Kenya nayo, katika Sheria ya Madini ya 2016, imeweka dhamana ya mazingira.

Wapo watakaosema karatasi hazipandi miti. Wana hoja. Marekani yenyewe iliruhusu baadhi ya kampuni kubwa zijidhamini kwa ukubwa wa jina lao tu, na kampuni ya makaa ya mawe ya Peabody ilipoomba kinga ya kufilisika mwaka 2016, ahadi za urejeshaji zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni moja zilikuwa hazina fedha wala mali iliyowekwa rehani nyuma yake. Kilichokosekana hapo ni dhamana ya kweli, na dawa yake ni kudai fedha ya benki au bima, kisha kuikadiria upya kila mgodi unapopanuka.

Hoja ya kwamba masharti haya huwafukuza wawekezaji hainishawishi. Gharama ya kufukia shimo ipo, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Asipoilipa aliyechukua madini, atailipa mwanakijiji kwa shamba lisilolimika na dimbwi linalozalisha mbu. Mradi ambao faida yake inayeyuka ukihesabiwa kazi ya kurudisha ardhi haukuwa na faida tangu awali.

Hoja nzito zaidi ni ya mchimbaji mdogo wa mchanga au kokoto, ambaye hana benki ya kumdhamini. Kumtwisha masharti ya kampuni ya kimataifa ni kumsukuma achimbe kwa kificho. Lakini hata yeye anaweza kutenga udongo wa juu, kukata kingo kwa ngazi zisiporomoke, na kuchangia kidogo katika mfuko wa pamoja wa wachimbaji wa eneo lake kwa kila lori linalotoka. Mfuko huo uwe na akaunti yake, na hesabu zake zisomwe kwenye mkutano wa kijiji.