Je, Wajua? Oksijeni Hupimwa kwa Mwanga

Je, wajua kwamba kile kibanio kidogo unachobanwa nacho kidoleni hospitalini hupima oksijeni ya damu bila kutoa hata tone? Upande mmoja kina vitaa viwili: kimoja chekundu, kingine cha infraredi usichoweza kukiona. Upande wa pili kuna kihisi kinachopokea mwanga uliofanikiwa kupenya kidole. Damu yenye oksijeni ya kutosha huuachia mwanga mwekundu upite, iliyopungukiwa huumeza.

Aliyebuni njia hii ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akipima jambo jingine, kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Ndipo akatambua kwamba kinachodunda ni damu ya ateri. Ngozi na mfupa vimetulia tu. Ile kero ikawa ndiyo kipimo chenyewe. Ugunduzi mzuri ulioje!

Rangi nzito ya kucha au piko nyeusi huweza kuzuia mwanga, basi mwambie muuguzi atumie kidole kisichopakwa. Lakini liko zito zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa hiki kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwa hiyo mtoto akihema kwa shida, mbavu zikibonyea ndani, mkimbize kwa daktari hata kama namba inasoma vizuri.