Mchikichi Hauhami

Mwambao wa Rumonge una siku zake za kuhama, na mwezi ndio unaozipanga. Wakati wa giza hupati boti ya kukodi, maana zote ziko ziwani na taa zake zikiwavuta ndagala, hao ambao wenzetu wa Kigoma huwaita dagaa. Mbalamwezi ikifika, ziwa zima linang'aa na samaki hawana haja ya kufuata taa ya mtu. Boti zinavutwa ufukweni, nyavu zinaanikwa na kushonwa, vijana wanacheza karata chini ya mwembe. Siku hizo sita saba ndizo mwenye haja ya kuhama anamfuata mwenye boti, anasalimia kwa kirefu, anauliza hali ya watoto, kisha ndipo anataja shida yake.

Nilipata kushiriki uhamisho mmoja wa namna hiyo, kutoka Minago kuja pembezoni mwa mji wa Rumonge. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane wa mvuvi, sote tukimwita Bibi. Barabara kuu ya RN3 inapita pale pale, ikitoka Bujumbura, kilomita zipatazo 75 kaskazini ya Rumonge, na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Lakini lori linataka mazutu, na tangu uhaba wa mafuta uliposhika Burundi miaka hii, mwenye lori anataja bei huku akitazama pembeni, kama mtu anayeona haya. Boti nayo hunywa esansi, ila kidogo. Tena wenyewe waliweka akiba ya dumu moja kwa ajili ya Bibi kwa kuwa marehemu mumewe aliwafundisha kazi nusu yao.

Mgeni angetegemea tuanze na vyombo. Tulianza na paa. Vijana wawili walipanda juu, wakang'oa misumari mmoja mmoja, wakainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe na kuitia kwenye kopo. Mabati yalishushwa na kuhesabiwa kwa sauti, mbele ya watu. Ukafuata mlango na fremu yake, kisha madirisha. Kufika saa nne asubuhi nyumba ilikuwa kuta nne za udongo zinazotazama mbingu. Ndivyo watu wa hapa wanavyogawa mali: ukuta umetoka ardhini, unabaki na ardhi, bati na mlango vilinunuliwa kwa jasho, vinafuatana na mwenyewe. Bati ndilo benki ya maskini. Linauzika, linawekwa rehani, na likitobolewa na misumari mara tatu bado linaezeka jiko.

Baada ya paa ndipo vikaja vitu vya ndani. Magunia ya mhogo mkavu yalikaa tumboni mwa boti, madumu ya mawese yakapangwa katikati, mabati yakalazwa ubavuni, magodoro juu. Kuku walifungwa miguu na kupandishwa mwisho. Mtungi wa maji alioupata Bibi siku alipoolewa haukupandishwa na mtu mwingine, aliupakata mwenyewe. Kisha akaagiza mafiga. Mjukuu wake, kijana aliyesoma Bujumbura, akacheka: "Bibi, Rumonge mawe yamejaa, tutaokota mengine." Akajibiwa: "Katika haya, yaliyotaka kupasuka yameshapasuka." Kila aliyewahi kupikia jiwe jipya lililolowa maji anajua maana yake. Mimi nilidhani nimekuta mila ya siri ya mafiga. Kumbe ni akili ya jikoni tu. Yako mengi tunayoyaita mila ambayo ukiyakuna kidogo unakuta hesabu.

Siku nazo zina hesabu. Jumamosi asubuhi haifai, kwani nchi nzima iko kwenye kazi za umma na magari yanasimama. Jumapili Wakristo wako kanisani, na mji huu una Wakatoliki na walokole wengi. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, nao ni wengi vilevile, kwa kuwa Rumonge ni mmoja wa miji ya Kiswahili ya Burundi: Kiswahili kilifika mwambao huu na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19, kikakutana na Warundi, na Wabembe na Wabwari waliovuka kutoka ng'ambo ya Kongo. Bibi alichagua Jumanne. Jumatatu usiku palisomwa Yasini, ubani ukafukizwa, chai na maandazi yakapita. Majirani wasio Waislamu walikaa upande wao na mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, na mirija yake. Hakuna aliyeona ajabu.

Usiku ule ndio kuhama kwenyewe, ukiniuliza mimi. Ya asubuhi ni kubeba tu. Bibi alizunguka na kuombana radhi na kila mtu. Muuza duka alileta daftari, deni likasomwa, likalipwa mbele ya watu, karatasi ikachanwa. Jirani mmoja aliyekuwa na ugomvi wa mpaka na Bibi tangu siku nyingi alikuja na sahani ya wali, akaiweka, wakapeana mikono, hakuna aliyeutaja mpaka. Mwishowe alisimama mzee mmoja akamtaja kwa majina mtu wa Rumonge atakayempokea, ndugu wa mke wa fulani, ambaye tayari amepewa habari. Kwa mila za hapa mtu hahami kwenda mahali; anahamia kwa mtu. Akikosa huyo wa kumpokea, basi hata akiwa na kiwanja na mabati arobaini, watu watamwonea huruma.

Karatasi nazo zina desturi zake. Nyumbakumi wa unakotoka lazima ajue, shefu wa kilima unakokwenda lazima ajue, na pale panapotumika daftari la kaya, jina lako lifutwe huku liandikwe kule. Chupa mbili tatu za bia ya Primus hulainisha safari hiyo, ingawa hakuna anayeziita hongo. Mji wenyewe, kwa hakika, umehama mara mbili ndani ya miaka kumi bila mtu kufunga kikapu: Rumonge ilitoka mkoa wa Bururi na kuwa mkoa mwaka 2015, kisha mwaka 2025, mikoa 18 ya nchi ilipokunjwa kuwa mitano, ikajikuta ndani ya Burunga.

Kitu kimoja tu hakikupanda boti. Nyuma ya nyumba ya Bibi palikuwa na michikichi kumi na minne. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na unaendelea miaka ishirini na zaidi. Ni mti wa kupanda ukiwa kijana na kuuvuna hadi uzeeni. Mwambao huu wote, kuanzia Magara hadi Nyanza-Lac, unanuka mawese na kuishi kwa mawese. Bibi hakuiuza miti yake. Alimkabidhi yule yule jirani wa ugomvi wa mpaka, kwa masharti: mikungu unaangua wewe, mafuta tunagawana, na wazee hawa wamesikia. Nilishangaa, mpaka nikafahamu kwamba huwezi kumpata mlinzi bora kuliko mtu ambaye kijiji kizima kinamtazama.

Mashahidi hao wana sababu kubwa kuliko mafuta. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka katika eneo hili la ziwa na kuua Watutsi wengi. Kisasi cha serikali kikaua Wahutu nchi nzima, kwa makadirio mengi zaidi ya 100,000. Watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia kwa mitumbwi usiku na kwa miguu, wakaishia Tanzania, kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hawakung'oa bati. Hawakuombana radhi na mtu. Michikichi yao ilibaki imebeba, na mwaka uliofuata ikavunwa na wengine: baadhi walipewa ardhi na serikali, baadhi waliingia wenyewe, sehemu nyingine ikaingizwa kwenye miradi ya mawese. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 nayo ilimpa haki aliyekaa mahali miaka 30. Hesabu kutoka 1972 utaona ilifika lini.

Kuanzia 2008 zaidi ya watu 50,000 kati ya wakimbizi hao wa zamani walirudi, huku wengine, wapatao 162,000, wakiomba uraia wa Tanzania. Waliorudi huku Rumonge walisimama mbele ya shamba wakinyoosha kidole: mti ule aliupanda baba. Na aliyekuwa akiishi pale naye alinyoosha kidole: ule wa pili nimeupanda mimi. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, iliwasuluhisha wengi kwa kugawana nusu kwa nusu, na baadaye ikaelekea zaidi kumrudishia aliyerudi, jambo lililoamsha hasira mpya. Kesi zilizokwisha vizuri, kwa nilizozisikia, karibu zote zilikuwa na mzee mmoja aliyebaki hai aliyekumbuka nani alipanda nini.

Wasio na pa kurudi walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara. Nyumba zimepangwa kwa mistari, bati linang'aa. Mrundi wa milimani hajazoea kijiji. Rugo lake, yaani boma, husimama peke yake katikati ya migomba, na jirani ni mtu wa kuitwa kwa sauti. Huku kijijini mtu alipewa kiwanja na jirani kwa pamoja, vyote bila kuulizwa. Kuna waliozoeana, wakaoana hata. Lakini mtu wa mwambao husikia tofauti katika sarufi yenyewe: huyu amehama, yule amehamishwa.

Watwa wamehamishwa kuliko wote. Hao ndio wenye asili ndefu zaidi katika nchi hii, na ndio wenye ardhi ndogo zaidi. Wengi walikaa kwenye shamba la mtu chini ya ubugererwa, yaani kulipa makazi kwa kazi, mpaka ulipofutwa kwa sheria mwaka 1977. Kufutwa kwake hakukumgawia mtu shamba. Mtwa mfinyanzi akihama huulizia udongo kwanza, kabla ya barabara au shule, kwa sababu udongo wa chungu haupatikani kila bonde, na bonde la udongo huo siku hizi lina mwenyewe anayepanda mpunga. Akipelekwa mahali pasipo udongo, umemhamisha mtu na kuiacha kazi yake nyuma. Katiba inawatengea Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Ni jambo jema, ila chungu hakifinyangwi kwa kiti.

Na sasa anayehamisha watu ni ziwa. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua za miaka hii zimeingia kwa kasi kuliko mlango huo unavyomeza. Mwaka 2024 maji yalipanda hadi kuingia bandari ya Rumonge na nyumba za ufukweni; tangu Septemba 2023 hadi Aprili 2024 mvua na mafuriko viliwang'oa watu wapatao 96,000 Burundi nzima. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, na ni sheria ya busara. Ila ndani ya mita hizo ndimo anamolala mvuvi, karibu na boti yake, kwa kuwa boti isiyolaliwa karibu huamka haina injini. Bibi mwenyewe alihama kwa sababu hiyo. Maji yalikuwa hatua kumi na mbili kutoka jikoni, naye akaona heri aondoke kwa mbalamwezi ya kuchagua kuliko kwa usiku wa kushtukizwa.

Wengi hawatapata mbalamwezi ya kuchagua. Viwanja vipya vitapimwa juu ya barabara, mbali na maji, na watu watapangiwa kwa namba. Ombi langu kwa wenye kupima, wa komini na wa mashirika, ni dogo na halina gharama. Kabla ya kamba kunyooshwa, kaeni jioni moja na watu wa ufukweni, andikeni nani anaazimana chumvi na nani, nani anamlelea nani mtoto akienda sokoni, nani ameachiwa michikichi ya nani. Orodha hiyo iandikwe kwanza, ya viwanja ifuate.